Akili Ikichafuka Ghafla, Hiyo Nayo ni Dharura!

Hebu fikiria: uko shuleni Mugango, usiku, mnajisomea. Ghafla rafiki yako anaanza kupiga kelele. Anadai kuna watu wanamwita kutoka ziwani. Wenzako wanacheka: "Huyo kapandisha mashetani!" Mwingine anatafuta kamba. Je, wewe ungefanyaje?

Wengi hukimbilia kwa mganga, hospitali inakuwa ya mwisho. Hata akifikishwa hospitali, pengine ataachwa kwenye benchi huku aliyevunjika mguu akipitishwa kwanza. Watu hudhani mgonjwa wa akili anaweza kusubiri. Si kweli!

Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, kuumia kichwani au kuacha pombe ghafla baada ya kuinywa sana, vyote vinaweza kumfanya mtu aweweseke. Anayesema ovyo saa hizi anaweza kupoteza fahamu baadaye. Naye anayesema anataka kufa asikemewe wala kuachwa peke yake. Huyo ni mgonjwa wa dharura.

Sasa basi, huduma nzuri ikoje?

Kwanza, apimwe mara moja kama wengine: joto, mapigo ya moyo, sukari, malaria. Pili, akae mahali patulivu, na muuguzi aongee naye kwa upole, akimwita kwa jina lake. Tatu, apewe dawa ya kumtuliza ikihitajika. Kumfunga kuwe hatua ya mwisho kabisa, tena kwa muda mfupi. Nne, asirudishwe nyumbani bila kupangiwa siku ya kurudi kliniki.

Tukisikia "Mirembe" wengi wetu tunacheka. Hospitali hiyo ya Dodoma imehudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927. Lakini Dodoma ni mbali, na rafiki yako anahitaji msaada usiku huu. Huduma ianzie kituo cha afya kilicho karibu, kisha Musoma ikibidi.

Nawe una kazi ya kufanya. Mwite mwalimu. Ondoa visu na sumu karibu naye. Asindikizwe na mtu anayemwamini, naye amweleze daktari hali ilianza lini, kama aliumia au alikuwa na homa, na ametumia nini. Usifiche bangi wala pombe. Daktari anataka kutibu, si kushtaki.

Akipona na kurudi darasani, usimwite chizi. Mwachie nafasi yake pale pale kwenye dawati lenu.