Kuku wa Malai wa Usenge na Fungu la Mpishi



Mama zetu na dada zetu wanaolisoma jarida hili wametuomba mara nyingi tusiwaandikie hukumu za twahara na mirathi peke yake, bali tuingie pia jikoni, kwani humo ndimo sehemu kubwa ya ibada yao ya kila siku inamopita. Juma hili tumeona tulitimize ombi hilo. Tunawaletea mapishi tuliyoyaonja mbali na pwani yetu, na pamoja nayo tunawaletea swali tulilorudi nalo ambalo halijatutoka moyoni.

Usenge ni mji mdogo wa wavuvi katika eneo la Yimbo, kaunti ya Siaya, ukishapita Bondo, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Hapo ndipo watu hupanda boti kuvuka kwenda kisiwa cha Mageta. Anayetoka Mombasa husafiri usiku kucha mpaka Kisumu, na bado njia humdai. Tulikwenda huko kumjulia hali binti wa jamaa zetu, aliyeolewa na kijana Mwislamu wa mji huo anayefanya biashara ya samaki. Katika nyumba hiyo yumo pia mama mzazi wa mume, mwanamke wa makamo ya bibi zetu, ambaye Mwenyezi Mungu alimruzuku kusilimu akiwa mtu mzima. Wajukuu humwita Dani, nasi tulimwita Mama.

Katika nyumba za ufukweni mbuta, ngege na dagaa ni chakula cha kila siku. Kwa hiyo mgeni anayeheshimiwa hapikiwi samaki, huchinjiwa kuku. Nasi tulichinjiwa jogoo wa kienyeji, kwa jina la Mwenyezi Mungu na kwa kisu kikali, akaachwa mpaka roho ikamtoka kabisa ndipo akatiwa katika maji ya moto na kunyonyolewa.

Binti yetu alilelewa kwa kuku wa kupaka, aliyeungwa kwa tui zito la nazi. Usenge si nchi ya minazi, na nazi zinazofika huko zimesafiri safari ile ile tuliyosafiri sisi. Mwaka wake wa kwanza alilalamika. Baadaye akamwona mkwewe akipika mgagani, mboga chungu ambayo wenyeji huiita dek au akeyo, na mnavu ambao huuita osuga. Aliziunga kwa maziwa ya ng'ombe ili uchungu upungue, zikatoka laini mno. Binti yetu akaliunganisha jiko la mama yake na jiko la mkwewe, na haya ndiyo mapishi aliyotupikia.

Kuku mmoja wa kilo moja na nusu, aliyekatwa vipande 8 au 10, hupakwa chumvi, kijiko kimoja cha chai cha manjano, kijiko kikubwa kimoja cha kitunguu thomu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, na maji ya nusu ndimu. Akae hivyo kwa saa moja. Kisha achemshwe kwa maji ya kumfunika tu, moto usiwe mkali, kwa saa moja au zaidi mpaka nyama ilainike, kwani kuku wa kienyeji hana haraka. Kuku wa gredi hutosha nusu ya muda huo. Supu isimwagwe.

Chukueni kikaango kipana chenye kitako kizito, mtie vijiko vitatu vya samli, mkaange vipande vya kuku mpaka viwe na rangi ya dhahabu, kisha mviweke pembeni. Katika samli ile ile kaangeni vitunguu maji viwili. Vikianza kuwa vyekundu tieni kijiti kimoja cha mdalasini, hiliki nne zilizopondwa, kijiko kimoja cha chai cha jira, kijiko kimoja cha dania kavu iliyosagwa na nusu kijiko cha pilipili manga. Harufu ikipanda, tieni nyanya mbili zilizokatwa ndogo ndogo na mzikoroge mpaka samli ijitenge. Hapo ongezeni viazi viwili, karoti mbili, pilipili boga moja, na vikombe viwili vya ile supu. Funikeni kwa dakika 15. Mboga zikiiva, rudisheni kuku, pamoja na konzi mbili za mnavu uliokwisha kuchemshwa na kumwagwa maji yake.

Sasa ndipo malai yanapoingia, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Malai ni ule utando mzito unaokaa juu ya maziwa yaliyochemshwa na kulazwa mahali pa baridi. Kikombe kimoja chatosha. Nyanya na ndimu zina ukali, na ukali ukikutana na maziwa katika moto mkubwa, maziwa hukatika yakawa mabonge na maji. Kwa hivyo kwanza punguzeni makaa. Kisha mtie malai katika bakuli, mteke upawa mmoja wa mchuzi wa moto, na muuchanganye humo kidogo kidogo huku mkikoroga, mpaka malai yazoee joto. Baada ya hapo mimineni kikaangoni. Mchuzi usitokote tena. Utulie juu ya moto mdogo kwa dakika tano. Ndimu zaidi, kwa anayependa, ikamuliwe sahanini wala si kikaangoni. Asiyepata malai atumie maziwa mazito yaliyokorogwa na kijiko kimoja cha unga wa ngano, nao unga utayazuia yasikatike upesi. Na sisi wa pwani tunaweza kutumia tui zito kwa utaratibu huo huo, likiingia mwisho na moto ukiwa mdogo. Nyunyizeni dania mbichi na mpakue. Usenge huliwa kwa ugali; kwetu wali au chapati hufaa.

Baada ya sala ya Magharibi tulikaa mkekani, wanaume upande mmoja na wanawake na watoto upande wa pili wa chumba hicho hicho. Tulipewa firigisi, kwani huko firigisi ni heshima ya mwanamume. Basi tukamwona Mama akinyosha mkono kwenye sahani ya mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka tisa, akaliondoa paja la kuku na kuliweka kwenye sahani ya kaka yake. Hakufanya kwa hasira wala kwa uchoyo. Alifanya kama mtu anayemtengenezea mtoto ushungi ulioteleza. Mtoto hakusema neno. Aliendelea na ugali na mboga. Naye Mama mwenyewe hakuwa na kipande hata kimoja.

Tuliona, tukanyamaza. Tulijiambia kwamba mgeni hamrudi mwenyeji wake juu ya chakula. Hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba kuku alikuwa mtamu.

Baada ya sala ya Isha binti yetu alitujia na swali. "Sheikh," alisema, "mama mkwe wangu amepika kuku tangu usichana wake na hajapata kumwonja. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Sitaki kumvunjia heshima. Lakini binti yangu sasa ameanza kukataa kuku mwenyewe. Nifanyeje?"

Yapasa wasomaji wetu waelewe kwamba zamani miongoni mwa Wajaluo, na vilevile miongoni mwa Waluhya na Waganda, mwanamke hakula kuku wala mayai. Mwiko huo umefifia, na wanawake wengi wa huko leo hula kuku bila shaka yoyote. Lakini aliyelelewa nao tangu utotoni, ulimi wake huukumbuka hata moyo unapokuwa umeusahau.

Sheria yetu katika jambo hili iko wazi. Katika Suratul Maidah, aya ya 87, Mwenyezi Mungu anatukataza kujiharamishia vitu vizuri alivyotuhalalishia. Na katika Suratul An'aam, aya ya 139, anawakemea washirikina wa Makka waliosema kwamba vilivyomo matumboni mwa wanyama fulani ni vya wanaume wao tu, na ni haramu kwa wake zao. Ama kuku mwenyewe, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari kwamba alimwona Mtume wetu (S.A.W.) akimla.

Lakini halali si wajibu. Imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W.) aliandaliwa mjusi wa jangwani, akaurudisha mkono wake, akaeleza kwamba si haramu ila hakuwa chakula cha nchi ya watu wake. Khalid bin Walid akamla mbele yake, naye Mtume akitazama. Katika kisa hicho yamo majibu yote mawili. Mama ana haki ya kutokula asichokizoea, wala hapana anayeruhusiwa kumlazimisha au kumcheka. Ila hana haki ya kumharamishia mjukuu wake.

Asubuhi tulimkuta Mama ameketi kivulini akichambua mnavu. Tukamweleza hayo kwa upole, kama mtoto anavyomweleza mzazi. Alitusikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua. Kisha akauliza, "Mwalimu, kwenu pwani, wanawake hula kuku?"

Tukasema, "Ndiyo, Mama, hula."

"Hula lini?"

Tukakaa kimya kidogo. Tukajibu, "Wanaume wakisha kula."

"Na hula kipande gani?"

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jibu la kumpa. Sisi wa pwani hatuna mwiko wa kuku. Tunayo desturi isiyo na jina, na kwa kuwa haina jina hakuna anayeiulizia. Sinia la wanaume hutangulia na mapaja na vidari. Jikoni hubaki shingo, mbawa na mchuzi. Mama yetu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitupikia kwa miaka mingi, na siku zote tulimwona akila shingo. Tulidhani anaipenda. Hatukumwuliza, na tulimzika bila kujua ni kipande gani alichokipenda.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba mtumishi akikuletea chakula alichokipika, umkalishe ale nawe, au walau umpe tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyevumilia joto lake. Ikiwa hiyo ni haki ya mtumishi, itakuwaje haki ya mke na ya mama?

Kwa hivyo tunausia jambo dogo. Kabla sinia halijatoka jikoni, litengwe fungu la mpishi, na liwe kipande anachokipenda yeye, si kilichosalia. Mume na amwulize mkewe ni kipi. Na mapaja yagawanywe kwa watoto wa kike na wa kiume sawasawa, kwani tumeamrishwa kufanya uadilifu baina ya watoto wetu, na uadilifu huo mtoto huanza kuuona sahanini. Sisi wenyewe tuliporudi tulimwuliza mama watoto. Tumeishi naye miaka mingi, na jibu lake hatukulitarajia.

Juma lililofuata binti yetu alitupigia simu kutoka Usenge. Alipika tena kuku wa malai. Mama alilichukua paja kwa mkono wake mwenyewe, akaliweka kwenye sahani ya mjukuu wa kike, akamwambia ale. Yeye mwenyewe aliendelea na mnavu wake. Ila safari hii alichovya tonge la ugali katika mchuzi wa malai, mara moja, kisha mara ya pili, akasema kwamba mchuzi si kuku.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, awalipe kheri wanaotupikia, na awarehemu waliotupikia wakatangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.