Tuwafunze Vijana Kuuamrisha Mtambo

Asafiriye kutoka Kericho kupitia Litein hadi Sotik huyaona mashamba ya majanichai yaliyotandazwa vilimani mithili ya zulia la kijani. Hata hivyo, uzuri huo umefunika uchungu. Mnamo Mei 2023, mitambo kadhaa ya kuchuma majanichai iliteketezwa katika Kaunti ya Kericho na waandamanaji waliolalamika kwamba imewapokonya kazi. Siungi mkono uharibifu wa mali, wala siwabezi waliopoteza riziki. Swali langu kwa walimu ni moja: je, watoto wa wachumaji hao tunawafunza kuuamrisha mtambo, au kuutazama tu?

Ni kweli kwamba serikali ilianza kusambaza tabuleti katika shule za msingi mnamo 2016, na mwaka wa 2022 taasisi ya mitaala, KICD, ikaidhinisha mtaala wa kufunza uandishi wa programu. Hatua hizo zastahili pongezi. Lakini mwanafunzi anayebonyeza picha zilizoundwa na wengine angali mtazamaji, hajawa fundi.

Ufundi huo hauhitaji mali nyingi. Kompyuta kuukuu isiyo na intaneti yaweza kuwekewa Linux, mfumo usiotozwa ada, ulioasisiwa na Linus Torvalds mnamo 1991. Ndani yake mna dirisha la maandishi matupu, yaani terminali, na mkalimani wa amri aitwaye Bash, kazi ya Brian Fox iliyotolewa mwaka wa 1989. Humo hamna mapambo. Mna herufi tu. Nazo herufi zatosha kuchora, na hata kuufanya mchoro utembee.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi atumie mistari, nukta na mabano kuchora mkono wa mchumaji juu ya majani mawili na chipukizi, kisha auhifadhi mchoro katika faili iitwayo picha1. Katika picha2, mkono uwe umelishika chipukizi. Katika picha3, uwe umefika kikapuni. Baadaye aandike skripti, yaani faili ya amri zinazofuatana. Amri ya "clear" hufuta skrini, "cat picha1" huonyesha mchoro wa kwanza, "sleep 0.3" huisubirisha kompyuta sehemu tatu za kumi za sekunde. Afanye vivyo hivyo kwa mchoro wa pili na wa tatu. Amri hizo zikitanguliwa na "while true; do" na kufungwa kwa "done", mkono utachuma bila kuchoka hadi abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl na C. Jicho hulaghaika kama linavyolaghaiwa na filamu za sinema, ambazo kwa kawaida huonyesha picha 24 kwa kila sekunde.

Yafaa ieleweke kwamba somo hapa si mchoro. Mchumaji hukirudia kichaka kile kile baada ya siku 7 hadi 14. Huo ni mzunguko, na mtoto wa Bomet aufahamu kabla hajaiona kompyuta. Akisahau kuandika "done", mkalimani hukataa kazi. Mchoro ukimetameta, itambidi atafute sababu: "clear" imefuta kila kitu kabla ya mchoro mpya kufika. Dawa ni kutumia "tput cup 0 0", amri inayorudisha kishale kwenye pembe ya juu kushoto, ili mchoro mpya uandikwe juu ya ule wa zamani. Nayo dawa hiyo ina sharti lake: michoro yote ilingane kwa kimo na upana, la sivyo masalio ya mchoro uliotangulia yatabaki. Hivyo kijana hujifunza utaratibu, urudiaji na, lililo kubwa zaidi, kulitafuta kosa lake mwenyewe bila kumlaumu mtu.

Huenda msomaji akasema kwamba huu ni mchezo wa watoto. Naam, ni mchezo! Simon Jansen wa New Zealand alianza mnamo 1997 kuisimulia filamu ya Star Wars kwa herufi tupu, na watu wengi ulimwenguni wakaitazama. Lakini utaratibu, urudiaji na usubirifu unaouongoza mkono wa herufi ndio unaoongoza pia mitambo inayojiendesha viwandani.

Sidai kwamba skripti ya mistari kumi itamrudishia mchumaji kazi yake. Hilo ni suala la waajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali. Ninalosema ni kwamba mtambo hautaondoka kwa kuchukiwa, na anayejua kuuamrisha hatakuwa na hofu sawa na asiyejua. Samaki mkunje angali mbichi. Walimu wetu, zipanguseni vumbi kompyuta zilizofungiwa makabatini, mwaanze muhula ujao kwa mkono mmoja wa herufi.