Madini Joto na Jamaa Zake: Mambo Ambayo Mlaji Anapaswa Kuyajua

Chumvi huliwa na tajiri na maskini, mjini na kijijini. Ndiyo sababu ilichaguliwa kuwa njia ya kuwafikishia wananchi madini joto, yaani iodini. Utaratibu huo ulianza Uswisi na Marekani katika miaka ya 1920, na hapa Tanzania uliwekewa kanuni katika miaka ya 1990. Katika sura hii tunajibu maswali mawili ya walaji. Je, chumvi yenye madini joto inatosha? Na je, ni kweli kwamba klorini ya maji ya bomba na floraidi ya dawa ya meno huifukuza iodini mwilini, hata mtu alazimike kununua matone ya kuirejesha?

Ukoo mmoja, kazi mbalimbali

Florini, klorini, bromini na iodini ni elementi za ukoo mmoja uitwao halojeni. Zinafanana kwa tabia za kikemia, lakini mwilini kila moja ina nafasi yake. Klorini, ikiwa katika umbo la kloridi, ni sehemu ya chumvi ya kawaida. Husaidia kusawazisha maji ya mwili na kutengeneza asidi ya tumbo. Floraidi kidogo huyakinga meno yasioze, ikizidi huyaharibu. Bromini imo katika vyakula kwa kiasi kidogo, na hakuna kiwango ambacho mlaji hushauriwa kukifikia. Iodini hutumiwa na tezi ya shingo kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji, matumizi ya nguvu mwilini na, kwa mtoto aliye tumboni, ujenzi wa ubongo.

Hasara ya upungufu

Udongo wa milimani, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, huwa na iodini haba, na mazao yake huwa hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, lilikuwa jambo la kawaida katika sehemu za Nyanda za Juu Kusini. Lakini rovu ni dalili inayoonekana tu. Hasara kubwa zaidi haionekani kwa macho: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu, au kuzaliwa na ubongo usiokua ipasavyo. Madhara ya ubongo yaliyotokea wakati wa ujauzito hayarekebishiki baadaye.

Kiasi kinachohitajika

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 90 za iodini kwa siku kwa watoto walio chini ya umri wa kwenda shule, 120 kwa wenye miaka 6 hadi 12, 150 kwa vijana na watu wazima, na 250 kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu.

Shirika hilo hilo linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Chumvi ikiwa na miligramu 30 za iodini katika kila kilo, gramu 5 zake hubeba mikrogramu 150. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuongeza chumvi ili kupata iodini. Kufanya hivyo ni kukaribisha shinikizo la damu. Samaki wa baharini, mayai na maziwa huongezea. Mjamzito aulize kliniki kama anahitaji nyongeza.

Je, halojeni nyingine huifukuza iodini?

Dai hili lina chembe ya ukweli iliyokuzwa kupita kiasi. Bromini inaweza kuishindania iodini nafasi, lakini kwa viwango vikubwa mno kuliko vilivyomo katika chakula cha kawaida. Klorini iliyotiwa katika maji kwa kipimo sahihi huua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kuikwepa ni hatari kuliko kuinywa. Mshindani halisi hatoki katika ukoo huu. Ni thayosayaneti, ambayo mwili huitengeneza kutokana na sumu ya mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, na ambayo imo pia katika moshi wa tumbaku.

Matone yanayouzwa kwa madai ya kusafisha mwili yanahitaji tahadhari kubwa. Tone moja la maji ya Lugol ya asilimia 5 lina takriban miligramu 6 za iodini, yaani mara 40 ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Iodini ikizidi inaweza kuilemaza tezi au kuichochea kupita kiasi, mtu akaona moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka na uzito unapungua. Dawa hiyo itumike kwa maelekezo ya daktari tu.

Floraidi ni suala la pekee

Katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, baadhi ya visima na chemchemi hupata floraidi nyingi kutoka katika miamba ya volkano. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji yanayozidi sana hapo hutia meno madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi hupinda mifupa. Iodini haiondoi floraidi, wala kuchemsha maji hakuiondoi. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi, au chanzo kingine kilichopimwa. Baadhi ya magadi ya kupikia nayo yana floraidi nyingi.

Ushauri wetu kwa mlaji

1. Nunua chumvi iliyofungwa, yenye jina la mtengenezaji na maandishi kwamba ina madini joto.
2. Ihifadhi katika chombo chenye mfuniko, mbali na unyevu, jua na moto.
3. Usiioshe. Itie chakula kinapokaribia kuiva, kwani joto hupunguza iodini.
4. Loweka, anika na pika vizuri mihogo michungu.
5. Katika maeneo yenye floraidi, uliza matokeo ya vipimo vya maji, punguza magadi, na uwape watoto wadogo maji salama kwanza.
6. Ukiona uvimbe shingoni, nenda kituo cha afya kabla ya kununua dawa yoyote.

Uwiano wa madini haya hauhitaji gharama kubwa. Chumvi sahihi kwa kiasi kidogo, maji yaliyopimwa na chakula cha mchanganyiko huwatosha walio wengi.