Kishonanguo na Mwenziwe

Wengi wetu hapa Wete tukiona kando ya njia ua dogo la kitovu cha manjano na petali nyeupe, husema, "Hicho kishonanguo." Lakini magugu hayo ni mawili. Yote ni ya ukoo mmoja na alizeti, na asili yao ni Amerika. Wataalamu huliita la kwanza Bidens pilosa, na la pili Tridax procumbens.

Mimi huanza na jani. Jani la kishonanguo aghalabu hugawanyika vijani vitatu au vitano. La mwenziwe ni moja, lenye vinyweleo na meno kama msumeno. Kisha shina: kishonanguo husimama wima, mwenziwe hutambaa, na kila ua lake hukaa peke yake juu ya kikonyo kirefu. Mwisho ni mbegu. Za kishonanguo ni nyeusi, nyembamba, zenye miiba nchani ing'ang'aniayo nguo na manyoya ya mbuzi. Za mwenziwe zina manyoya laini, nazo hupeperushwa na upepo.

Tofauti hizi zina faida. Majani machanga ya kishonanguo hupikwa mboga, basi mchumaji hana budi kulijua jani. Na mkulima akumbuke kuwa lile litambaalo huota mizizi kwenye vifundo vya shina lake. Kulikata juu kwa jembe hakutoshi; aling'oe lote pamoja na mizizi, kabla halijatoa mbegu.