Fahamu: Alux ni nani, na kwa nini rais wa Mexico alimtaja?

Februari 2023, Andrés Manuel López Obrador, wakati huo akiwa rais, aliweka Twitter picha ya usiku: mtini kuna kiumbe, macho yanang'aa. Alisema yaelekea ni alux. Muda si mrefu watu wakaonyesha kuwa picha hiyo ilishazunguka mitandaoni tangu 2021.

Alux ni nini?

Katika masimulizi ya Wamaya wa rasi ya Yucatán, ni kiumbe mdogo, urefu wake haupiti goti la mtu mzima, mlinzi wa msitu na shamba la mahindi. Mkulima humtengea chakula na kinywaji. Akipuuzwa huficha vitu, hurusha mawe, hata huleta homa.

Mbona bado anatajwa?

Wapo wajenzi wanaomwomba ruhusa kwanza. Karibu na uwanja wa ndege wa Cancún, chini ya daraja la barabara kuu, kuna kijumba cha mawe chenye umbo la piramidi alichojengewa. Wenyeji husimulia kwamba kabla yake daraja lilikuwa likibomoka kila mara. Rais naye alisema picha ilitoka kwa mhandisi, huku akieleza maendeleo ya Treni ya Maya, reli ya takriban kilomita 1,500 inayopasua msitu huohuo. Ubishi wa reli, kusema kweli, ulikuwa mzito kuliko wa picha.