MAJI HUJENGA WANGA, NA MAJI HUUBOMOA

Mkulima wa skimu, ukienda sokoni Busia au Malaba utaona mihogo mikavu ya namna mbili. Ya kwanza ni myeupe, na ukiivunja hulia kama ukuni mkavu. Ya pili ina madoa ya kijani na meusi, nayo hupindika kabla ya kuvunjika. Huenda yote ilitoka shamba moja, tena ikang'olewa siku moja. Tofauti yake ni maji. Na hasara ya ile ya pili si ya bei peke yake, maana yaweza kuleta ugonjwa nyumbani. Mwezi huu twataka kukueleza kazi ya maji ndani ya chakula cha wanga, ili ukiambiwa "kausha vizuri" uijue sababu.

Jinsi wanga unavyojengwa

Mizizi ya muhogo hunyonya maji ardhini. Majani huvuta hewani hewa ya kaboni, ile ile tuitoayo puani. Kwa nguvu ya jua jani huunganisha vitu hivi viwili likapata sukari. Chembe sita za maji na chembe sita za hewa ya kaboni hutoa chembe moja ya sukari iitwayo glukosi. Ndiyo sababu vyakula vya namna hii huitwa kabohaidreti, maana yake makaa na maji. Ukitaka kuona kwa macho yako, tia kijiko kimoja cha sukari katika sufuria kavu juu ya moto, kisha shika kifuniko baridi juu yake. Kifuniko kitatoka jasho la maji, na chini ya sufuria yatabaki makaa meusi.

Muhogo hauweki akiba yake yote kama sukari, kwa sababu sukari huyeyuka upesi. Huzishikanisha chembe za glukosi, mamia na maelfu, kama shanga katika uzi. Uzi huo ndio wanga. Sasa angalia jambo hili: kila shanga mbili zikishikana, chembe moja ya maji hutoka. Na ili ziachane tena, yapasa chembe moja ya maji irudi. Basi kila fundo la wanga hufungwa kwa kutoa maji, na hufunguliwa kwa kurudisha maji.

Mafundi wa kufungua

Maji peke yake hufungua mafundo hayo polepole mno. Hutaka fundi, naye huitwa kimeng'enya. Mate yako yanaye fundi huyo. Tafuna kipande cha muhogo uliochemshwa, usikimeze upesi, nawe utasikia utamu ukija. Hata kimea cha wimbi kinachotumiwa kwa pombe hufuata njia hiyo: mbegu hulowekwa, huota, na wanga wake huanza kugeuka sukari.

Ukungu na bakteria nao wana mafundi wao, nao wanautamani wanga wako. Lakini bila maji hawawezi kufanya kazi. Katika kilo 100 za muhogo mbichi, karibu kilo 60 ni maji. Kwa hivyo muhogo uliong'olewa huanza kuharibika baada ya siku mbili au tatu tu, lakini muhogo mkavu waweza kukaa miezi mingi. Usisikitike ukiona gunia lako limepungua likabaki kama theluthi moja. Kilichoondoka zaidi ni maji na maganda, na chakula chako kimebaki.

Muhogo mchungu: hapa maji ni rafiki

Usikimbilie kuanika kila muhogo mara moja. Ndani ya muhogo mna sukari nyingine iliyofungwa pamoja na sumu iitwayo sianidi. Muhogo mchungu unayo kwa wingi, na ukame huizidisha. Muhogo unayo pia dawa yake mwenyewe, maana mnamo kimeng'enya cha kuifungua sumu hiyo, ila vimetengwa, kila kimoja mahali pake. Ukiuponda au kuuchachusha, hukutana. Kukiwa na maji, fundo hukatika, na sumu hutoka kama hewa. Muhogo mchungu uliokatwa vipande vikubwa na kukaushwa kwa haraka hubaki na sumu nyingi, kwa kuwa maji yameondoka kabla ya kazi kwisha.

Jambo hili si hadithi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, walipatwa na ugonjwa wa konzo. Miguu hupooza ghafula, wala haiponi kabisa. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama wanaokula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, siku baada ya siku, bila kitoweo cha kutosha. Desturi ya wazee wa Teso ni njema: humenya mihogo, huilundika na kuifunika siku tatu au nne hata ilainike, hukwaruza ukungu, huiponda, ndipo huianika. Usifupishe siku hizo kwa sababu ya njaa au ya mnunuzi aliye mlangoni.

Ikiwa unga una mashaka, fuata njia ya mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia. Changanya unga na maji, utandaze mwembamba usiozidi unene wa sentimita moja, uuache juani saa mbili, au kivulini saa tano, kisha uupike siku hiyo hiyo. Tena ule ugali huo pamoja na omena au maharagwe, maana vyakula hivyo husaidia mwili kuishinda sumu.

Mahindi nayo ni hivyo hivyo

Mahindi ya kuweka ghalani yasizidi maji sehemu 13.5 kwa 100. Yakizidi, ukungu huota na kuacha sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui.

Mambo ya kufanya

1. Ng'oa mihogo ya kukausha wakati wa kiangazi, hasa Desemba hadi Februari, upate jua la kutosha.

2. Anika juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo, wala kando ya lami yanapopita malori ya Malaba. Ingiza ndani kabla ya umande wa jioni.

3. Pima mahindi kwa chumvi. Tia chumvi kavu na mahindi katika chupa kavu, funga, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, rudisha mahindi juani.

4. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, maana maji yaliyotoka kwa jua hurudi kwa sakafu.

5. Chakula chenye ukungu wa ghalani usiwape watoto, wala usiwape ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu huingia katika maziwa.

Kumbuka, mkulima: kwa muhogo mchungu, acha maji yafanye kazi yake kwanza. Kisha yafukuze yote, na uyazuie yasirudi.