Je, Wajua? Mstari mmoja wa ramani waweza kufunika ploti nane za Nanyuki

Ripoti ya jiolojia ya eneo la kati ya Nanyuki na Maralal, aliyoiandika Robert Shackleton, ilichapishwa mwaka 1946. Ile ya Mlima Kenya, ya B. H. Baker, ilitoka 1967. Miamba ni ile ile. Mji wa Nanyuki ndio umetanuka.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10. Basi anayeuandaa kwa kutumia ramani za miamba kama hizo atazame kwanza kipimo cha ramani. Kwenye ramani ya 1:125,000, milimita moja ni mita 125 ardhini: mstari wa unene huo unafunika ploti nane za futi 50 kwa 100 zilizopangana ubavu kwa ubavu! Ramani hiyo yafaa kuchagua ukanda wa kutafutia maji au mawe ya kujengea. Kuidhinishia msingi wa ghorofa ni hatari.

Tena, ramani ya miamba mara nyingi haionyeshi udongo ulioifunika. Sehemu nyingi za tambarare ya Laikipia zina udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, ukapasua na kuta. Huo hujulikana kwa kuchimba shimo palepale kwenye ploti.